Michoro ya Mchezo kwa Akili Unde, na Jahazi Libaki Jahazi

Mchezo ninaoutengeneza hapa Lamu unamhusu nahodha kijana anayepeleka boriti, makuti na magunia ya nazi kati ya Lamu, Pate, Siyu na Faza. Nauandika peke yangu, usiku baada ya kazi. Nilipokaa kuhesabu picha unazohitaji nilipata 96: vyombo, milango, kuta, punda, watu, mawingu, mikoko, vitufe vya skrini. Kwa mkono mtupu ningechora miaka. Kwa akili unde nimemaliza kwa miezi mitano, na muda mwingi wa miezi hiyo haukwenda kwenye kuandika promti, yaani maelezo unayoiandikia mashine ili ichore. Ulikwenda kwenye kurekebisha vitu ambavyo mashine haivijui. Nimeandika mwongozo huu kwa mtu anayetaka mchezo wake uonekane kama kwao, usije ukafanana na kisiwa chochote chenye minazi.

Vifaa

Natumia Stable Diffusion XL, modeli ya akili unde ya kuchora picha iliyotolewa Julai 2023. Faili lake ni karibu GB 7, kwa hiyo lishushe usiku. Naiendesha kwa programu ya ComfyUI kwenye kompyuta yenye kadi ya michoro ya GB 8. Inatosha, ukiwa na subira. Kuchora nachorea Krita, kurekebisha ukubwa na rangi natumia GIMP, na mchezo wenyewe nauunda kwenye Godot. Zote ni za bure. Kama huna kadi ya michoro unaweza kukodi kompyuta ya mbali kwa saa. Mimi nilianza hivyo. Huduma za kulipia za mtandaoni zipo pia na baadhi zinachora vizuri sana, lakini napenda modeli iliyo ndani ya mashine yangu. Intaneti ikikatika naendelea na kazi, na hakuna atakayeibadilisha nikiwa katikati ya mchezo.

Hatua ya 1: Orodha kabla ya picha

Fungua jedwali. Kila kitu kipe mstari wake: jina, ukubwa kwa pikseli, kama kinasogea au kimetulia, na mwanga unatoka upande gani. Mwanga ndio watu husahau. Mimi niliamua jua la alasiri, kutoka kushoto, kwa picha zote. Usipoamua mapema utakuwa na punda mwenye kivuli kulia amesimama mbele ya baraza lenye kivuli kushoto, na mchezaji atahisi kuna kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja.

Hatua ya 2: Toka nje na daftari

Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiruke. Siku ya kwanza niliiruka. Niliandika promti nzuri, kwa Kiingereza, kwa sababu modeli hii inaelewa Kiingereza kuliko lugha nyingine, nikaomba chombo cha Lamu chenye tanga la pembe tatu. Nikapata chombo chenye matanga mawili, moja mbele na moja nyuma, kama yoti ya kitalii. Mlingoti ulisimama wima kama nguzo ya simu. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, haikuwapo kabisa. Kamba zilitoka juu ya tanga zikaishia hewani. Nikajaribu mara arobaini na kitu. Picha zilizidi kupendeza, na chombo kilizidi kuwa si chetu.

Jioni nikashuka gatini nikakaa na daftari. Mlingoti wa jahazi umeinama kuelekea omo, yaani mbele ya chombo. Foromali inaning'inia kwenye mlingoti kwa henza, kamba ya kuipandishia, imelala kwa mshazari, ncha ya mbele chini na ncha ya nyuma juu. Tanga limefungwa kwenye foromali urefu wake wote, na kamba ya demani inalivuta kurudi nyuma, upande wa tezi. Vitu vinne tu, lakini ukikosea kimoja chombo hakiendi, na mtoto yeyote wa Lamu atakiona.

Mlango nao una habari yake. Nilipoomba mlango wa kuchonga wa pwani, mashine iliniletea misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka, safu kwa safu. Hiyo ni sura ya milango mingi ya Unguja. Mlango wa Lamu kwa kawaida hauna misumari hiyo; uzuri wake uko kwenye nakshi ya mfaa, ule ubao wa katikati, kwenye miimo pembeni na kwenye ubao wa juu. Nilipita mitaani nikichora mfaa mmoja baada ya mwingine. Piga hodi kwanza. Mlango ni wa nyumba ya watu, na mara nyingi mwenyewe atakueleza nani aliuchonga na miaka ipi. Watu usiwapige picha kwa ajili ya mchezo bila ruhusa. Mimi wahusika wote niliwachora kutoka kichwani.

Hatua ya 3: Mistari yako kwanza, rangi ya mashine baadaye

Sasa mashine inafaa. Chora kitu kwenye Krita kwa mistari myeusi, usuli mweupe, bila rangi. Si lazima uwe mchoraji hodari. Lazima viungo viwe mahali pake. Turubai iwe pikseli 1024 kwa 1024, kwa sababu modeli ya XL ilifunzwa kwa ukubwa huo. Ukiomba picha ndogo sana inaharibika.

Ingiza mchoro wako ComfyUI kupitia ControlNet ya mistari. Kazi yake ni kuifunga modeli ifuate mistari yako huku ikijaza mbao, kutu, kivuli na rangi. Nguvu yake naiweka 0.8 nikianza. Ikiwa 1 picha inakakamaa. Ikishuka chini ya 0.6 foromali inaanza kupotea tena. Toa picha nane, kila moja na namba yake ya mbegu, ile namba inayoamua picha ianzie wapi, uchague moja.

Ukishapata inayokaribia, irudishe ndani kama picha ya kuanzia na upunguze kiwango cha mabadiliko (denoise). Kati ya 0.3 na 0.45 inalainisha rangi na kuacha umbo. Ukifika 0.7 umempa mwingine kalamu.

Kama ComfyUI inakutisha na masanduku yake na nyaya, kuna programu-jalizi ya Krita inayoitumia kwa nyuma, ukachora na kuzalisha picha kwenye dirisha lilelile. Naipendekeza kwa anayeanza.

Hatua ya 4: Mkono mmoja kwa picha zote

Picha moja nzuri ni rahisi. Picha 96 zinazoonekana kutoka mkono mmoja ndio kazi. Mwanzoni nilidhani kurudia maneno yaleyale ya promti kunatosha. Hakutoshi, jahazi lilitoka kama rangi ya maji na punda akatoka kama katuni.

Nilichofanya ni kupaka picha 25 kwa mkono wangu, rangi na yote, kisha nikafunza LoRA kwa hizo. LoRA ni faili dogo linaloongezwa juu ya modeli kubwa na kuifundisha mtindo mmoja bila kuifunza upya yote. Tumia picha zako mwenyewe au za mchoraji aliyekubali na kulipwa. Kuchukua kazi za mchoraji wa watu mtandaoni na kuifunza mashine ili imwige ni kumnyang'anya mwenzio mkate, na sitakuelekeza jinsi ya kufanya hivyo.

Hatua ya 5: Kusafisha

Toa usuli, hifadhi kama PNG. Kagua kingo kwa kukuza. Mashine huacha ukungu mweupe ambao hauonekani kwenye karatasi nyeupe lakini juu ya maji ya bluu unang'aa. Kisha punguza rangi: kwenye GIMP badilisha picha iwe ya rangi zilizoorodheshwa na utumie orodha yako. Mimi nina rangi 32 kwa mchezo mzima, na ya kwanza niliyoichagua ni ule weupe wa chokaa uliochoka.

Kama unataka mtindo wa pikseli, punguza kwa kigawo kamili, mfano 1024 hadi 128, bila kulainisha. Ndani ya Godot 4 nenda kwenye mipangilio ya mradi, sehemu ya michoro ya turubai, uweke kichujio cha pikseli ya karibu, la sivyo kila kitu kitakuwa na ukungu.

Ukuta wa matumbawe unaojirudia una hila yake. Kwenye GIMP usogeze nusu ya upana na nusu ya kimo. Mishono iliyokuwa pembeni itakuja katikati, uipake hapo. Krita ina hali ya kuzungusha inayokuonyesha ukuta ukijirudia huku unapaka.

Hatua ya 6: Punda atembee

Usiombe mashine ikuchoree hatua nane za punda. Kila picha itatoka na punda tofauti: masikio marefu, masikio mafupi, tandiko limehama. Toa punda mmoja wa ubavuni, mkate vipande kwenye leya, yaani matabaka ya picha: kichwa, kiwiliwili, mkia, miguu minne. Paka sehemu zilizokuwa zimefichwa nyuma ya miguu, kisha mfanye atembee ndani ya Godot kwa kuzungusha vipande. Mzigo uwe leya yake, ili punda yuleyule abebe mawe leo na nazi kesho.

Hatua ya 7: Kumbukumbu

ComfyUI huandika mpango mzima wa kazi, pamoja na namba ya mbegu, ndani ya PNG inayotoa. Ukiiburuta picha hiyo kurudi kwenye dirisha, kila kitu kinafunguka kama ulivyokiacha. Lakini programu nyingine inaweza kuifuta habari hiyo unapohifadhi, kwa hiyo weka folda ya picha ghafi usiyoigusa. Mimi nilipoteza mbegu za mawingu yangu yote ya kusi kwa kutojua hilo. Hifadhi pia michoro yako ya mistari.

Michoro hiyo ina faida nyingine. Januari 2025 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilieleza kwamba promti peke yake haitoshi kumfanya mtu kuwa mtunzi. Mkono wa binadamu lazima uonekane. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kwa kazi iliyotolewa na kompyuta humtazama aliyefanya maandalizi ya kuiwezesha itokee. Kwa vyovyote, mchoro wako wa penseli wenye tarehe ni ushahidi wako. Na ukipeleka mchezo Steam, duka la michezo la mtandaoni, tangu Januari 2024 unatakiwa kueleza umetumia akili unde wapi. Eleza wazi, kitu kwa kitu.

Hatua ya 8: Waonyeshe wanaojua

Nilikwenda kijiji cha Matondoni na kompyuta begani, nikamwonyesha fundi mmoja mzee wa vyombo jahazi langu likielea kwenye skrini. Alilitazama kimya, akataka lisogee mbele, lirudi. Akauliza, "Mwanangu, upepo huu unatoka wapi?" Nikamwambia nyuma, kusi. Akaweka kidole kwenye kioo. "Basi bendera yako mbona inapepea kurudi tezini?"

Bendera ilikuwa leya ya peke yake. Niliigeuza palepale, nimekaa juu ya gogo karibu naye, akaniambia nirudi nikimaliza usukani.