Ukiziba majina, utajua nani anaongea? Jinsi ya kuwapa wahusika sauti zao

Hadithi nyingi nazotumiwa nizipitie zina shida moja, bibi wa miaka 70 na konda wa daladala wote wanaongea kama mwandishi. Mimi naandika michezo ya redio, na kule msikilizaji ana sikio tu, kwa hiyo hili nimelihangaikia sana. Navyofanya ni hivi.

Hatua ya 1. Panda daladala la Mbagala au Gongo la Mboto, kaa karibu na mlango, ukishuka andika sentensi tatu ulizosikia vilevile zilivyotoka. Usizinyooshe.

Hatua ya 2. Kabla hujaandika mazungumzo yoyote amua mhusika anasalimiaje na anamwitaje mwenzake. Hapa ndo utamu wa Kiswahili ulipo jamani, maana shikamoo peke yake inabeba umri, heshima, shida na hasira. Kijana wa miaka 25 akimwamkia mtu wa 30, ujue kuna kitu anataka kuomba. Mzee akiitikia "marahaba" halafu kimya, hakuulizi hata habari za nyumbani, hapo kuna neno. Ona hii:

– Nauli anti, nauli.
– Hata shikamoo hakuna mwanangu?
– Aah, shikamoo bibi. Nauli.
– Marahaba. Subiri basi nifungue pindo.

Sijaandika popote kwamba konda alikuwa anahesabu chenji bila kumwangalia mtu, ila "anti" imeshasema, na alipoinua macho ikageuka "bibi". Na hela iko kwenye pindo la kanga, kwa hiyo hata bila jina unamjua huyo mama.

Hatua ya 3. Lahaja weka kama chumvi. Mtu wa Unguja mpe "hichi" na "skuizi", wa Nairobi mpe "niaje", alama mbili tatu zinatosha ila uzirudie mpaka mwisho. Na tafadhali, acheni kumwandika kila mtu wa bara anachanganya r na l, hiyo si sauti ya mtu, ni kumcheka, na msomaji wa kwao anaumia.

Hatua ya 4. Ziba majina, mpe mtu mwingine asome kwa sauti. Akikosea nani kasema nini, weka alama hapo. Usikimbilie kubadilisha maneno, jiulize kwanza huyu mtu anataka nini hapo. Bibi alitaka heshima, konda alitaka nauli, ndo maana hawawezi kufanana.

Kuna mchezo nilikuwa na dada wawili, kila aliyesoma aliwachanganya, nikahangaika na misimu, yaani maneno ya mtaani, wiki nzima wapi. Mwisho nikaamua mkubwa hajibu swali mpaka na yeye aulize lake:

– Umekula?
– Mama kala?

Toka hapo hakuna aliyewachanganya tena.