Jinsi ya kupima kikosi cha besiboli kabla ya msimu mpya: anza na mikono ya kurusha

Makocha wengi wa besiboli hapa Uganda wakiulizwa nguvu ya timu yao iko wapi, humtaja mrushaji mwenye kasi na mpigaji anayeupeleka mpira mbali. Wawili hao hawabebi msimu. Timu za shule na za klabu hupoteza mechi kwa besi za bure, kwa makosa ya katikati ya uwanja, na kwa kuishiwa warushaji siku ya pili ya mashindano. Mambo hayo matatu yanapimika, na yanapimika mapema.

Utahitaji daftari la mechi za msimu uliopita, mipira isiyopungua 20, futi kamba ndefu, na simu yenye saa ya kupimia sekunde. Tenga wiki mbili. Wakati mzuri ni kiangazi cha Januari na Februari, kabla mvua za Machi hazijaufanya uwanja tope, na kukiwa bado na nafasi ya kurekebisha utakachokiona.

Hatua ya 1: Kata majina ya wanaoondoka

Andika majina yote, kisha weka alama mbele ya kila moja: yupo, hajulikani, ameondoka. Waliofanya mitihani ya S.4 na S.6 (mwisho wa sekondari ya chini na ya juu) hukamatwa na shule nyingine, kazi au chuo. Wengine basari yao inaisha. Aliyeandikwa "hajulikani" mhesabu kama ameondoka mpaka umwone uwanjani na glavu mkononi. Kosa la kawaida ni kupanga timu juu ya ahadi ya mzazi kwa simu, halafu Machi inafika na shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) yuko shule nyingine.

Warushaji ndio wa kwanza kuwindwa. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers, klabu ya ligi kuu ya Marekani (MLB), iliwasajili Waganda Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji, na David Matoma aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates ni mrushaji pia. Ukiwa na kijana mwenye mkono wa namna hiyo, mfurahie, lakini usijenge msimu mzima juu yake.

Hatua ya 2: Tafuta mlango ambao pointi ziliingilia

Chukua daftari na upitie kila pointi mliyofungwa. Jiulize swali moja tu: yule mkimbiaji alifikaje besi ya kwanza? Chora safu tatu: hiti (alifika kwa mpigo wake mwenyewe), besi ya bure (boli nne, yaani mipira minne iliyorushwa nje ya eneo la straiki, au kupigwa na mpira), na kosa la ulinzi.

Tuseme mlifungwa pointi 40, na mgawanyo ukawa hiti 12, bure 17, makosa 11. Hapo pointi 28 kati ya 40 mliwapa wapinzani kwa mikono yenu wenyewe. Timu kama hiyo haihitaji mpigaji mpya. Inahitaji warushaji wanaopata straiki (mpira unaopita eneo halali la mpigaji) na walinzi wanaodaka mpira wa kawaida.

Angalia pia nani aliandika daftari. Mwandishi rafiki wa wachezaji huandika hiti mahali pa kosa. Kipimo ni kimoja: je, mchezaji wa kiwango hicho, kwa juhudi ya kawaida, angeudaka mpira ule na kutoa auti (kumtoa mpinzani)? Jibu likiwa ndiyo, ni kosa, hata kama mpira haukugusa glavu yake.

Hatua ya 3: Hesabu mikono

Hapa ndipo msimu huamuliwa, kwa hiyo usiharakishe.

Kwanza tengeneza kilima cha mrushaji. Umbali kwa wakubwa ni mita 18.44, kutoka ukingo wa mbele wa ubao wa mrushaji hadi ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani. Viwanja vingi hupimwa hadi ukingo wa mbele wa besi hiyo, na hapo mrushaji anajikuta nyuma kwa sentimita 43 zaidi bila mtu kujua. Urefu wa kilima ni sentimita 25. Shimo la pale mguu unapotua lijazwe udongo, limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa. Usipofanya hivyo hatua ya mrushaji inabadilika kila mara, na utakuwa unapima shimo, si kijana.

Kisha kila anayeweza kurusha arushe mipira 25, mpigaji akiwa amesimama na kofia ngumu bila kupiga. Mpigaji awepo kweli: wapo wanaopata straiki vizuri wakirusha peke yao, akisimama mtu wanaogopa kumpiga na mipira yote inakimbilia nje. Hesabu straiki. Straiki 15 kati ya 25 ni asilimia 60, na huyo anafaa kuanza mechi. Anayepata 12 au 13 anaweza kumaliza iningi moja ngumu (iningi ni kipindi ambacho kila timu hupiga mara moja). Chini ya hapo bado ni mwanafunzi wa kurusha, hata mpira wake ukiwaka moto. Siku nyingine rudia zoezi mkimbiaji akiwa besi ya kwanza, maana wengi hupoteza shabaha wakianza kumwangalia yeye.

Sasa piga hesabu ya mashindano. Mechi tatu za iningi 7 ndani ya wikendi moja ni iningi 21. Kwa warushaji wa kiwango cha sekondari kadiria mipira 18 kwa iningi, na mara nyingi huwa zaidi. Hiyo ni mipira 378. Ukimpa kila mmoja mipira 75, unahitaji watu watano na bado inabaki mipira mitatu ya kurushwa. Timu yenye nyota mmoja na wasaidizi wawili haina warushaji wa kutosha kwa wikendi hiyo, hata kama Jumamosi asubuhi itashinda kwa raha.

Usijaribu kuziba pengo hilo kwa kumchosha nyota. Mwongozo wa Pitch Smart wa MLB na USA Baseball unaweka kikomo cha mipira 95 kwa siku kwa umri wa miaka 13 hadi 16, na 105 kwa miaka 17 na 18. Kwa miaka 17 na 18, akirusha 31 hadi 45 apumzike siku 1, 46 hadi 60 siku 2, 61 hadi 80 siku 3, zaidi ya hapo siku 4. Maana yake aliyerusha 75 Ijumaa hagusi kilima tena wikendi hiyo. Tumia umri halisi wa mtoto, si ule ulioandikwa ili acheze daraja fulani, kwa sababu kiwiko kinafuata umri wa kweli.

Dalili za mkono uliochoka ni hizi: kiwiko kinashuka, mipira inaanza kwenda juu, na mrushaji anachukua muda mrefu kati ya mpira na mpira. Akisema anaumwa upande wa ndani wa kiwiko, mtoe. Usimpake dawa ya kuchua ukamrudisha. Kiungo cha kijana anayekua kikiharibika kwa kombe la wikendi moja, hakuna kombe litakalokirudisha.

Ukikuta una warushaji watatu tu, watafute wengine humo humo kikosini. Watahini walinzi wa uwanja wa nje na mlinzi wa besi ya tatu, ambao tayari wana mkono. Waanze na mipira 15 kwa nguvu ya wastani mara mbili kwa wiki, uongeze kama mipira 5 kila wiki kwa wiki sita. Mdakaji mwache. Mtu kurusha na kudaka siku moja ni mzigo maradufu kwa bega lile lile, na Pitch Smart inashauri jambo hilo liepukwe.

Hatua ya 4: Besi zinazoibwa, mwenye kosa ni nani?

Timu ikiibiwa besi ya pili kila mechi, lawama humwangukia mdakaji. Pima kabla ya kulaumu.

Anzisha saa mguu wa mbele wa mrushaji unapoinuka, simamisha mpira ukigonga glavu ya mdakaji. Halafu pima kutoka mpira ulipogonga glavu hiyo hadi mpira ugonge glavu ya mlinzi kwenye besi ya pili, umbali wa mita 38.8. Pima mara tano, chukua namba ya katikati. Ile bora kuliko zote hutokea mara moja kwa bahati.

Mrushaji wa sekunde 1.3 hadi 1.4 yuko sawa. Mdakaji wa 2.0 ni wa kiwango cha juu sana, wa 2.2 hadi 2.4 anafaa kwa sekondari. Mkimbiaji mzuri hufika besi ya pili kwa sekunde 3.4 hadi 3.6. Jumlisha: mrushaji wa 1.7 na mdakaji wa 2.1 ni sekunde 3.8. Mdakaji huyo ni mzuri sana na bado ataibiwa mchana kutwa. Dawa ni kumfundisha mrushaji kuinua mguu kidogo na kubadilisha muda wa kuushikilia mpira. Mrushaji wa mkono wa kushoto husaidia hapa, kwa kuwa anamtazama mkimbiaji wa besi ya kwanza usoni.

Mpime mdakaji pia kwa mipira inayogonga ardhi mbele yake. Mrushie 20, uhesabu inayobaki mbele ya mwili. Ikipungua 14, warushaji wataogopa kurusha chini, na watarusha juu mahali wapigaji wanapopapenda.

Hatua ya 5: Mstari wa katikati

Mdakaji, shotistopu, besi ya pili, sentafildi (mlinzi wa katikati ya uwanja wa nje). Pima hawa kwa umakini, wengine kwa haraka.

Kila mlinzi wa ndani apigiwe mipira 20 ya chini: 8 ya kumjia, 6 kulia, 6 kushoto. Auti inahesabiwa tu kama mpira umefika glavu ya besi ya kwanza ndani ya sekunde 4.3 tangu gongo liugonge. Kwenye uwanja wa maramu, okota kokoto na umwagilie jioni ya jana yake. Mpira ukiruka vibaya kwa sababu ya jiwe, weka nukta na usiuhesabu. Anayepata 15 na kuendelea ni wa kuanza.

Angalia sana anayepokea besi ya kwanza. Desturi ya kumweka pale mchezaji mzito asiye na pa kucheza inaleta hasara iliyojificha: shotistopu anarusha mpira unaodunda hatua moja mbele ya besi, mpokeaji hauchukui, na daftari linamwandikia kosa shotistopu. Mrushie mpokeaji mipira 10 ya namna hiyo. Akikosa sita, umepata chanzo cha nusu ya makosa ya shotistopu wako.

Uwanja wa nje nguvu kubwa iwe sentafildi. Kubalianeni neno moja la kudai mpira wa juu, na liwe moja kweli: mmoja akiita "yangu" na mwingine "nze" ("mimi" kwa Kiganda), wanagongana.

Hatua ya 6: Wapigaji

Acha wastani wa hiti peke yake. Hesabu mtu anafika besi mara ngapi: hiti, boli nne na kupigwa na mpira, vyote vikijumlishwa, ugawe kwa mara alizosimama kupiga. Mara za kujitoa kwa kubanti (kuugusa mpira taratibu kwa gongo ili mwenzako asogee besi) usizihesabu.

Mchezaji wa kwanza amesimama mara 60: hiti 12, boli nne 10, kupigwa na mpira 2, na mpira mmoja wa juu uliomleta mwenzake nyumbani. Wastani wake wa hiti, ambao hauhesabu boli nne, kupigwa na mpira wala mpira huo wa juu, ni 12 kati ya 47, yaani .255, lakini anafika besi mara 24 kati ya 60, yaani .400. Wa pili, naye amesimama mara 60, ana hiti 17 na boli nne 1 tu. Wastani wake ni .288, ila anafika besi .300. Makocha wengi wangempa wa pili nafasi ya kwanza ya kupiga. Mpe yule wa kwanza.

Pembeni andika waliotolewa kwa straiki tatu. Katika ligi yenye makosa mengi ya ulinzi, mpira wowote uliogongwa ndani ya uwanja una nafasi, na anayerudi bila kuugusa anapoteza nafasi hiyo. Anayezidi theluthi moja ya mara alizosimama apige nafasi za chini mpaka afupishe mpigo wake. Aliyesimama chini ya mara 30 usimhukumu kwa namba, mwangalie kwa macho.

Hatua ya 7: Jedwali la majina mawili

Chora nafasi tisa, kila moja na majina mawili. Jina moja likionekana mara tatu, huo ni udhaifu, hata kama mwenye jina ni mchezaji bora. Warushaji waandike pembeni kwa mpangilio wa straiki zao, wawe watano au zaidi.

Kisha chagua mapengo mawili tu ya kufanyia kazi, yale yaliyoruhusu pointi nyingi zaidi katika hatua ya 2. Kwa timu nyingi yatakuwa mrushaji wa nne na wa tano, na mpokeaji wa besi ya kwanza. Lugazi ya Uganda, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series (mashindano ya dunia ya watoto) kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, iliifunga Gresham ya Oregon 3–2. Ukizuia hivyo, pointi tatu zinatosha.

Rudia zoezi la mipira 25 baada ya mechi nne za msimu. Aliyeshuka chini ya straiki 12 mpumzishe wiki moja, kisha mpime tena kabla ya kumrudisha kwenye orodha ya wanaoanza.