Namna ya Kupima Kama Flashi ya Zamani ya Kamera Bado Inafanya Kazi

Flashi ya zamani kama Vivitar 283 ina nguvu nyingi na inaweza kudumu kwa miaka mingi, lakini kuwaka kwake si uthibitisho kwamba ni salama kwa kamera yako. Usiipachike kwenye kamera kabla ya kumaliza vipimo vyote.

Fungua kwanza sehemu ya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, betri zilivuja. Usugue kwa pamba yenye siki kidogo, ufute kwa kitambaa kibichi, kisha uache pakauke kabisa. Weka betri nne mpya za alkali au za kuchaji. Zile za kaboni za bei nafuu, ambazo redio hutosheka nazo, hutoa umeme kidogo mno, na zinaweza kukufanya uione flashi nzima kuwa imekufa.

Ukiiwasha, utasikia mluzi mwembamba unaopanda, kisha taa ndogo ya kuonyesha kwamba iko tayari itawaka. Flashi iliyokaa kabatini kwa miaka inahitaji subira, kwa sababu utando wa oksidi ndani ya kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wa kuwasha flashi, hudhoofika usipopata umeme. Iache ijae kwa dakika chache, ifyatue kwa kitufe cha majaribio, kisha urudie mara kadhaa. Muda wa kujaa ukizidi kupungua, kapasita inapata nafuu. Ikipata joto kali au ikitoa harufu ya kuungua, izime na utoe betri. Usiifungue kamwe: kapasita huhifadhi volti zipatazo 300 hata betri zikiwa zimetolewa, na mshtuko wake unaweza kuua.

Sasa pima kihisi kilicho upande wa mbele, kinachopima mwanga unaorudi na kuukata unapotosha. Weka flashi kwenye hali ya kujirekebisha, ielekeze kwenye ukuta mweupe ulio karibu na uifyatue, kisha urudie ukiwa umekiziba kihisi kwa kidole. Mara ya pili mwanga unapaswa kuwa mkali zaidi na kujaa kuchukua muda mrefu zaidi. Usipoona tofauti yoyote, kihisi kina kasoro, ingawa huenda flashi bado ikafaa kwenye alama ya M, yaani bila kujirekebisha.

Kipimo ambacho hakipaswi kurukwa kamwe ni cha volti za kufyatulia, yaani zile zinazofika kwenye kamera kupitia mguu wa flashi, sehemu inayopachikwa juu ya kamera. Weka mita ya umeme (multimita) kwenye volti za umeme wa moja kwa moja (DC), kiwango cha juu ya 300, na flashi ikiwa imejaa, gusisha waya mwekundu kwenye kitufe cha chuma kilicho katikati ya mguu wake, na mweusi kwenye ukingo wa chuma wa mguu huo. Baadhi ya Vivitar 283 za mwanzo huzidi volti 200, ilhali kiwango cha kimataifa cha ISO 10330 ni volti 24, na kuna kamera za kidijitali zilizotengenezwa kuvumilia volti 6 tu. Linganisha namba uliyoipata na ile iliyoandikwa katika kitabu cha maelekezo cha kamera yako. Ikizidi, tumia flashi hiyo kwenye kamera ya filamu isiyo na elektroniki, au uifyatulie mbali kwa kifaa cha redio kinachohimili volti hizo.