Ngozi Ikipauka Kiangazi: Oga Bila Kuwafukuza Bakteria Wanaoilinda

Nakuru ya Januari na Februari ni upepo mkavu na vumbi. Unajipaka asubuhi, saa sita miundi imeshapauka. Wengi huongeza mafuta, ilhali kosa mara nyingi limefanyika bafuni.

Juu ya ngozi wanaishi bakteria wanaovunjavunja mafuta ya ngozi yenyewe na kuacha asidi. Ngozi yenye afya huwa na pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni magadi) ya 5 hivi. Katika asidi hiyo ngozi hutengeneza vizuri seramidi, mafuta yanayoziba nafasi kati ya seli ili maji yasitoroke, na bakteria Staphylococcus epidermidis huchangia kazi hiyo. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Hukomba mafuta na kuiondolea ngozi asidi kwa saa kadhaa. Hapo ndipo bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, anayechochea ukurutu, hupata upenyo.

Basi oga kwa maji ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10. Sabuni iishie kwapani, kinenani, makalioni na nyayoni. Mikono na miguu isuuze kwa maji tu, isipokuwa imeingia tope au uchafu wa kazi. Sabuni ya dawa si ya kila siku. Wavu wa kusugulia, mara moja kwa wiki inatosha. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji ya magadi, ambayo nayo hupunguza asidi ya ngozi kama sabuni. Kama ndiyo unayotumia na una maji ya mvua, yatunze kwa suuzo la mwisho. Usijaribu kurudisha asidi kwa limau: ni kali mno, na ukitoka juani linaweza kukubabua.

Jipanguse kwa kugusisha taulo, ngozi ibaki na unyevunyevu. Ndani ya dakika 3, dondosha matone 4 au 5 ya glisirini kwenye kiganja chenye maji, upake mguu mmoja, kisha urudie kwingine. Glisirini huvuta maji. Ukiipaka tupu kwenye ngozi kavu, hewa nayo ikiwa kavu, itayavuta kutoka ndani ya ngozi. Juu yake pitisha vaselini, kiasi cha punje ya njegere kuanzia goti hadi kifundo, ukiiyeyusha kwanza viganjani. Vaselini haiongezi maji, inafungia yaliyopo. Ndiyo maana kuipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka hakufai sana. Mafuta ya kukamulia ng'ombe, ambayo wengi huyapenda, hufanya kazi ileile.

Glisirini na maji usivichanganye kwenye chupa ya kukaa wiki nzima. Bila kihifadhi, viini huota humo.

Kisumu mambo ni mengine kidogo: joto na jasho vipo tayari. Vaselini iwe ya visigino na viwiko. Kifuani na mgongoni tumia losheni nyepesi. Fangasi wa Malassezia, wanaoleta mabaka mgongoni, hula asidi za mafuta, kwa hiyo mafuta ya mimea huwalisha. Mafuta ya zeituni tungeyaacha jikoni, hata kwa mtoto mchanga, kwa sababu asidi yake ya oleiki hulegeza kinga ya ngozi.

Jipe wiki 2 hadi 4, muda ambao safu ya juu ya ngozi hujibadilisha. Ukiona majimaji, magamba ya manjano au nyufa zinazotoa damu, nenda kliniki. Krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, usijinunulie dukani kwa kubahatisha.