Mashimo ya Chololo: jinsi ya kuchimba, kujaza na kupanda mtama kwenye ardhi kavu ya Dodoma

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na mwaka wa kawaida hutoa kama milimita 500 hadi 600. Uchache huo tumeuzoea tangu enzi za babu. Kinachotutesa sasa ni namna mvua inavyokuja: inapiga kwa nguvu kwa saa moja, maji yanakimbilia korongoni, halafu jua linawaka wiki mbili tatu katikati ya Februari, wakati mtama unataka kutoa masuke.

Piga hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 20 ikishuka kwenye robo eka inamwaga zaidi ya lita 20,000. Ndiyo maji mekundu unayoyaona yakipita uani kwenda bondeni, yamebeba na udongo wako wa juu. Ndugu zetu wa Unguja, bahari ilipopata joto na mwani ukaanza kufa kwenye maji ya kina kifupi, wengine walihamisha kilimo chao kwenye maji ya kina kirefu. Sisi wa bara kavu hatuna pa kuhamia. Maji tuyakamate pale pale yanapoangukia, kabla hata ya kuwaza mbegu mpya.

Mashimo haya yamechukua jina la kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma. Hayahitaji mashine. Yanahitaji mikono, samadi na kuanza mapema.

Hatua ya 1: Chagua kipande

Anza na robo eka tu, karibu na nyumbani ili samadi isibebwe mbali. Udongo mwekundu wa tifutifu, ule unaofanya ukoko mgumu juu baada ya mvua, ndio unaofaidika zaidi. Mbugani, kwenye udongo mweusi unaopasuka, usichimbe: maji yatatuama na mizizi itaoza. Kama juu ya shamba kuna mteremko mkali unaoshusha maji mengi, tengeneza kwanza kingamaji upande wa juu, la sivyo mvua ya kwanza itafukia mashimo yote.

Hatua ya 2: Tengeneza fremu A na upime usawa

Hapa usiharakishe. Mistari ya mashimo lazima ikatize mteremko kwa usawa, na macho hudanganya, hata ya mtu aliyelima shamba hilo miaka mingi.

Tafuta miti miwili iliyonyooka yenye urefu wa mita 2, na wa tatu mfupi kidogo. Funga ile miwili kwa juu, panua miguu, kisha kaza ule mfupi katikati upate umbo la herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, jiwe lishuke chini ya mti wa katikati. Sasa simamisha fremu, pigilia kijiti kwenye kila mguu, na uweke alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Igeuze, mguu wa kushoto ukae kwenye kijiti cha kulia na wa kulia kwenye cha kushoto, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Pachonge kwa kisu pasifutike.

Shambani, tuliza mguu mmoja, sogeza mwingine juu au chini mpaka kamba ikae kwenye alama uliyochonga, pigilia kijiti, kisha zungusha fremu usonge mbele. Siku ya upepo, kazi hii ifanye asubuhi, maana upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti haukuachii kamba itulie. Mstari utajipinda kufuata ardhi, uache ujipinde.

Hatua ya 3: Chimba

Chukua fimbo uikate alama tatu: sentimita 30, 60 na 90. Kila shimo liwe na kina cha sentimita 30 na upana wa kama sentimita 22, yaani shibiri moja. Kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya shimo linalofuata kwenye mstari pima sentimita 60, na kati ya mstari na mstari sentimita 90. Udongo unaotoka uweke upande wa chini wa shimo, uwe kituta kidogo cha kuzuia maji.

Robo eka inaingia mashimo kama 1,870. Idadi hiyo isikutishe. Watu wawili wakichimba 40 kila asubuhi, ndani ya miezi miwili wamemaliza. Anza Juni, baada tu ya mavuno, ardhi ikiwa na unyevu kidogo. Ukingoja Oktoba utachimba kwa sururu. Na kaya ikae ikubaliane nani anachimba. Kazi hii asiachiwe mama peke yake, ambaye tayari ana maji na kuni za kubeba.

Hatua ya 4: Jaza

Chini weka konzi moja ya majivu, yanasaidia kufukuza mchwa. Juu yake weka mabua yaliyokatwakatwa, halafu konzi mbili kubwa za samadi iliyokwisha iva, isiyo na joto wala harufu kali. Kwa robo eka tayarisha samadi kama ndoo 50 za lita 20. Asiye na mifugo azungumze mapema na jirani mwenye zizi. Rudishia udongo, lakini acha sentimita 10 za juu wazi. Nafasi hiyo inashika karibu lita 4 za maji, na ndiyo sababu ya kuchimba. Ukijaza shimo mpaka juu, umechoka bure.

Hatua ya 5: Panda

Fuatilia utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), lakini uamuzi wa mwisho utoe shambani. Wengi hapa tunapanda kavu kabla ya mvua. Kwenye mashimo nashauri ungoje. Baada ya mvua nzuri ya kwanza, ingiza mkono ndani ya shimo: udongo ukiwa umelowa kina cha kiganja kizima na ukiufinya unashikamana, panda. Mvua ya kudanganya huotesha mbegu kisha ikaiua.

Mtama wa muda mfupi kama Macia unafaa. Penye kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, ulizia kwa afisa ugani mbegu ya Hakika au Wahi, zinazokivumilia. Uwele nao unafaa, aina ya Okoa kwa mfano. Tia mbegu 5 au 6, zifukie sentimita 3 kwa mtama na 2 kwa uwele. Kati ya mistari panda kunde: majani ni mboga, na zinafunika ardhi isiungue.

Hatua ya 6: Punguza miche na palilia

Miche ikifika shibiri moja, acha miwili kila shimo, ng'oa mingine udongo ukiwa umelowa. Huruma ya kuacha mitano inagharimu: Februari jua likikaza, yote mitano itagombania maji ya wawili. Kiduha king'oe kabla hakijatoa maua. Kikishatoa mbegu, utapambana nacho miaka mingi. Nafaka ikianza kujaa, panga zamu za kufukuza kwelea kwelea tangu alfajiri.

Hatua ya 7: Baada ya mavuno

Mtama huu uhesabu kuwa chakula cha nyumbani. Fedha itafute kwenye sehemu nyingine ya shamba, kwa alizeti au choroko, ili mwaka mbaya usiguse ghala.

Mashimo usiyafukie. Zungumza na wafugaji wa jirani wasipitishe ng'ombe hapo, maana kwato huyabomoa haraka. Msimu unaofuata unayasafisha tu, unarudisha kituta kilichobomoka na kuongeza konzi ya samadi. Muda unaobaki, chukua fremu ile ile upime robo eka ya pili.