Namna ya kufufua jumba la mtaa bila kusubiri mfadhili

Kama mtaani kwenu, iwe Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea, kuna lile jumba la zamani lenye baraza refu na mabati yaliyoliwa kutu, wazee wanaliita welfea, wengine klabu, wengine jumba la maendeleo, na saivi ndani wanaishi popo na mbuzi wa jirani, basi haya nayaandika kwa ajili yenu.

Watu wakishapata mzuka wanakimbilia rangi. Mi nasema rangi iache, anza na historia ya jumba. Sio kwa mapenzi ya mambo ya kale, hapana, ni kwa sababu watu huku wanajitolea kwa ukoo. Mtu akijua babu yake alisomba mawe ya msingi pale, au mama yake alijifunzia cherehani kwenye kile chumba cha nyuma, jumamosi utamkuta na jembe lake hujamuita hata mara mbili. Alafu siku akijitokeza mjanja anasema kiwanja kile chake, mtaa mzima una la kumjibu.

Asili ya majumba haya kwa sehemu kubwa inafanana. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walijenga welfea kwenye miji ya Tanganyika, mwanzoni wakiwafikiria askari waliorudi kutoka vitani, ndani kukawa na redio, magazeti, drafti, masomo ya watu wazima, na dansi siku za wikiendi. Ukumbi wa Anatoglo wa pale Mnazi Mmoja Dar uko kwenye mkumbo huo huo. Huku kusini ukaingia na mpango wa karanga wa 1947 mpaka 1951, yale mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, bandari ya Mtwara, reli ya kwenda Nachingwea, vibarua kutoka kila kona, na penye vibarua wengi hapakosi ngoma wala mpira. Mpango ukafa, reli nayo ikang'olewa baada ya uhuru, lakini watu walibaki na michezo yao ikabaki. Majumba mengine yakaja baadaye kabisa, enzi za kujitegemea, watu walifyatua tofali wenyewe. Lenu ni la kundi gani ndo kazi ya kwanza kujua.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha ofisi ya ardhi ya halmashauri, uliza jumba limeandikwa kwa jina la nani. Laweza kuwa la halmashauri, la ushirika, la misheni, au la chama, maana mali za TANU zilipita kwa CCM vyama vilipoungana 1977. Usifagie hata chumba kimoja kabla hamjapata ruhusa ya maandishi yenye mhuri, hata kama mwenye mali ni mtu wenu mnayesalimiana naye kila siku. Nshaona watu wanapaka rangi mwezi mzima alafu jengo linapangishwa kuwa stoo ya korosho.

Sasa wazee. Siku ya kwanza usiende na daftari, nenda na shikamoo, na kama unaweza beba ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha mle pamoja, ukae usikilize habari za mguu unaomuuma na mjukuu aliyeko Dar. Siku ya pili ndo unaomba ruhusa ya kurekodi na simu, akikataa usirekodi, andika tu. Na usimuulize mwaka gani, hiyo inamkwamisha bure, we mtafutie tukio. Ilikuwa kabla ya uhuru au baada? Kabla ya Azimio la Arusha? Mkoa ulikuwa bado mmoja au Lindi na Mtwara zilishagawanywa (hiyo ni 1971)? Vita ya Iddi Amini vijana walikuwa wameshaondoka? Familia ambazo bado zinasimulia kile kimbunga cha Aprili 1952 ulizeni kama jengo lilikuwepo na paa lilipona. Mzee wa kiume muulize alikuwa ameshatoka jando au bado. Bibi muulize mtoto yupi alikuwa mgongoni siku ya ufunguzi, maana mtoto huyo leo ana kitambulisho cha NIDA na mwaka unausoma hapo hapo, raha sana hii mbinu.

Wakibishana waache wabishane. Andika maneno ya wote wawili na nani kasema, usijifanye hakimu. Pia usiishie kwa waliokuwa makatibu na makapteni, mtafute aliyekuwa anafagia, aliyeshika funguo, aliyepika siku ya ngoma. Hao ndo wanajua ngoma ya sindimba ilichezwa upande gani wa uwanja na kwa nini mlango wa nyuma ulizibwa. Picha za zamani usichukue, zipige palepale kwa simu mwenye picha akiwa anaangalia, alafu weka nakala sehemu mbili, simu huwa zinaibiwa.

Ukishapata hata kurasa tano, zisome kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa. Watu watakurekebisha kwa kelele, na hao wanaopiga kelele ndo waandike majina hapo hapo, umeshawapata wa kujitolea.

Ratiba yao ifuate korosho, sio kalenda ya ofisini. Mwezi wa sita mpaka wa nane watu wako kwenye kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, wa kumi minada inaanza na kila mtu yuko shamba au ghalani, kwa hiyo kazi nzito ya paa ipangeni mapema na imalizeni kabla ya mwezi wa 11, mvua zikianza ndo hizo mpaka wa nne. Msimu ukichanganya bakisheni zamu nyepesi tu, kufungua, kufagia, kufunga. Funguo ziwe mbili kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Posho usiahidi kabisa, ukilipa leo kesho hakuna atakayekuja bure, ila uji na maji viwepo, na anayetoka mbali apewe nauli yake bila kuombwa.

Uwanja wa netiboli ndo unaorudisha watu haraka kuliko kitu chochote, na ni rahisi. Mita 30.5 kwa 15.25. Funga kamba kwenye vigingi vinne alafu pima kona kwa kona, pande zote mbili zitoke karibu mita 34.1, zikitofautiana uwanja umepinda, sogeza kigingi. Urefu ugawe mara tatu, ringi iwe mita 3.05 kutoka chini, mistari chokaa. Nguzo za mti zipakeni oili chafu upande unaofukiwa, mchwa wa huku hawana huruma. Kwa wazee mchezo wa bao, ubao mmoja unatosha kuanzia, mashimo 32 na kete 64, zile mbegu za komwe zikipotea mtu atarudi nazo kesho.

Kikundi kisajilini kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba, muhtasari na orodha ya wanachama. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengewa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, lakini ni mkopo jamani, unarudishwa, usichukuliwe kununulia jezi. Mapato na matumizi yaandikwe kwa chaki ukutani barazani kila jumapili, hata kama ni elfu mbili ya ufagio.

Kuna kitu vijana watakidai mapema, puli tebo. Inaingiza hela kweli, ila ikiingia ndani tu, akina mama na watoto hawaji tena, na jioni inageuka kamari. Kama lazima iwepo ikae barazani, isimamiwe na mtu mzima, na saa kumi na mbili ifunikwe turubai.