Jinsi ya kumfundisha kijana wa miaka 16 kuongoza kambini (bila kumgeuza mfagiaji)

Kila msimu wa kambi ya kiangazi kuna kundi moja linaloumiza vichwa, na sio wale wadogo wa miaka 8 au 9, hao ukiwapa mpira na maji ya kunywa mambo yanaenda. Nazungumzia wale wa 15 mpaka 17. Michezo ya watoto imeshawachosha na umri wa kuajiriwa kama walezi bado. Basi kambi nyingi zinawaita walezi wanafunzi, wanapewa tisheti ya rangi tofauti na filimbi, imeisha hiyo. Kuanzia hapo ni kufagia ukumbi, kubeba magodoro, kupanga viti. Msimu wangu wa kwanza kuwafundisha nilifanya kosa hilo hilo, siku ya nne kijana mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, "kwani sisi hapa tunajifunza nini?" nikabaki namwangalia tu.

Usafi sio tatizo jamani, wafanye, ila na nyie walezi wakubwa mshike ufagio nao. Tatizo ni pale ufagio unapokuwa ndo mafunzo yenyewe.

Anza siku ya kwanza kabla watoto hawajafika. Kaa nao chini mkubaliane nini wanaruhusiwa na nini hapana, na uandike, maana kijana akiachwa abahatishe mipaka yake atakosea tu. La kwanza, mlezi mwanafunzi habaki peke yake na watoto, hata dakika tano za kwenda kuchukua maji. Na usimhesabu kwenye idadi ya walezi. Chama cha kambi cha Marekani, American Camp Association, kwenye kambi za kulala kinataka angalau mlezi 1 kwa watoto 6 wa miaka 6 hadi 8, na 1 kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 14. Najua siku mlezi mmoja anaumwa kishawishi cha kumchomeka kijana kwenye pengo kinakuwa kikubwa. Usifanye. Ukimchomeka ameshakuwa mfanyakazi wa bure na hakuna tena anayemwangalia anavyojifunza.

Alafu mpe kitu cha kweli lakini kidogo. Hili sio jipya, kambi ya Baden-Powell kule kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, ile iliyozaa skauti, ilikuwa na vijana kama 20 tu wamegawanywa vikundi vinne, na kila kikundi kiliongozwa na kijana mwenzao. Mi naanza na dakika 15. Mchezo mmoja, watoto kumi au kumi na mbili, mlezi mkubwa yupo pembeni. Kabla ya hapo kijana anaandika kwenye nusu karatasi: mchezo gani, vifaa gani, wapi, sheria atazielezaje ndani ya dakika moja, mvua ikinyesha anafanya nini, na unaishaje. Hilo la mwisho wote wanalisahau, mchezo unabaki unafia tu uwanjani watoto wanaanza kutawanyika mmoja mmoja.

Nikupe mfano. Kuna binti alipewa mchezo wa kuiba bendera, karatasi yake safi kabisa, sa alivyofika uwanjani akawapanga watoto wakiangalia jua yeye akiwa amelipa mgongo, akaanza kueleza sheria. Akaeleza wee. Dakika ya tatu nusu yao wanang'oa nyasi na mmoja ameshamvua mwenzie kiatu. Mkono wangu ulikuwa umeshashika filimbi, nikajizuia, kwa sababu ukiingilia pale watoto wote wanajua bosi ni nani na yule binti amekwisha kwa wiki nzima. Akanyamaza kidogo akaangalia kulia na kushoto, kisha akawaita watoto wawili mbele, akawaambia "nyie tuonyesheni" na mchezo ukaanza. Ningepuliza filimbi asingefika hapo. Kuingilia ni pale tu mtoto anaweza kuumia au anadhalilishwa, mengine vumilia hata kama unaona aibu kwa niaba yake.

Mrejesho unatolewa siku hiyo hiyo kabla ya kulala, mbali na watoto. Anza na yeye, mwulize nini kilienda vizuri, wapi kilikwama, kesho angebadilisha nini. Mara nyingi atajihukumu vikali kuliko wewe. Alafu chagua jambo MOJA la kurekebisha, sio saba. Yule binti nilimwambia tu kesho jua likuchome wewe usoni, watoto walipe mgongo. Ile habari ya maelezo marefu alikuwa ameshaigundua mwenyewe.

Kitu kingine cha kufanyia mazoezi ni usiku. Mtoto anayelia kwa kukumbuka nyumbani atamfuata kijana kwanza, sio wewe, maana wanamwona kama kaka au dada. Fanyeni igizo, mmoja anakuwa mtoto mmoja mlezi. Utawasikia wanasema "usilie, kesho utampigia mama" na hapo ndo pa kuwasimamisha, usiahidi usichokuwa na uwezo nacho. Bora akae naye, amsikilize, amwulize nyumbani huwa anafanya nini kabla ya kulala, amtafutie kazi ndogo ya asubuhi ya kusubiria, na amwite mlezi mkubwa. Na kuna sentensi moja wote waishike kichwani: siwezi kukuahidi kwamba nitaitunza kama siri. Mtoto akisema kuna mtu anamuumiza au anamgusa vibaya, kijana hachunguzi, haulizi maswali mengi, anapeleka taarifa kwa mkubwa muda ule ule.

Kuongoza watoto ni rahisi kuliko kuongoza wenzao, hapo ndo utawaona rangi zao. Weka kiongozi wa siku kwa zamu, kila mtu apitie hata yule mkimya, tena yule mkimya mara nyingi anakuwa bora kuliko yule mwenye maneno. Kwenye siku ya tatu au ya nne wataanza kununiana, nani anajifanya bosi, nani haamki. Usishtuke. Mwanasaikolojia Bruce Tuckman aliandika mwaka 1965 kwamba kikundi kikishaundwa hupitia kugombana kwanza ndo kije kukubaliana taratibu na kufanya kazi. Waite, kila mmoja aseme analotaka mwenzake abadilishe kwa kutaja kitendo, sio tabia. "Jana hukuja kuosha sufuria" inajibika, "we mvivu" inaleta ngumi.

Simu na mapenzi weka sheria mapema, moja kwa wote, usiwe na kipenzi. Na walale jamani, umri huu wanahitaji masaa 8 hadi 10, ukiwakesha kwenye vikao vya mpaka saa sita usiku asubuhi usilalamike.

Siku mbili za mwisho wape jioni nzima ya moto wa kambi, ratiba, nyimbo, nani anawasha na nani ana ndoo za maji, wapange wenyewe we pitia tu usalama. Alafu kila mmoja umwandikie ukurasa mmoja wenye tukio halisi uliloliona kwa macho yako, sio "ni kijana mzuri mwenye bidii", na uandike mkiwa bado kambini maana ukishafika nyumbani utachanganya nani alifanya nini.